Msiba Haupigiwi Simu

Majuzi nilipata habari ya kifo cha binamu yangu nikiwa nimesimama kwenye kituo cha treni cha Richardson, hapa Texas, nasubiri kwenda kazini. Iliingia kwenye simu, katika kundi la ukoo: picha ya mshumaa, jina lake, na maneno ya Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kabla sijamaliza kusoma, chini yake zilikuwa zimeshapangana alama za mikono iliyounganishwa kwa sala, kutoka Uvira, kutoka Kigoma, kutoka Iowa. Nami nikaweka yangu. Treni ikaja, nikapanda, nikapata kiti. Tulikuwa tumepita vituo kadhaa ndipo machozi yakaanza, na nikatambua kwamba simlilii binamu peke yake. Nilikuwa namlilia pia nyanya yangu, ambaye tulimwita Koko, na safari aliyonipeleka Houston nilipokuwa mtoto wa miaka kama kumi.

Tulikuwa tumeletwa Haltom City, mji mdogo ubavuni mwa Fort Worth, kutoka kambi ya wakimbizi huko Kigoma: Mama, Koko na mimi. Kwa asili sisi ni watu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Mama alifanya kazi katika ghala la kufungasha vyakula, mbali sana na nyumbani. Yeye na wanawake wengine wa kwetu walipanda gari la mwenzao mmoja, wakiondoka wamebanana kabla jua halijachomoza. Haltom City yenyewe haikuwa na mabasi. Utotoni sikulielewa jambo hilo. Niliona barabara pana namna ile, zimejaa magari asubuhi hadi jioni, nikaamini basi nalo litatokea siku moja, kama mvua inavyotokea. Asiyekuwa na gari alikaa ndani. Koko alikaa ndani. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, karibu na dirisha, akiwatazama watu wakiingia kwenye magari yao na kuondoka, na mara nyingine akiniuliza, "Yule anakwenda wapi?" kana kwamba mimi ningejua.

Alikuwa na rafiki mmoja tu aliyebaki duniani, kwa kauli yake mwenyewe, na huyo alikuwa amepelekwa Houston. Watu wote walimwita Mama Wilondja, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na Koko alimwita hivyo hivyo. Walivuka ziwa katika mtumbwi mmoja. Kambini nyumba zao ziligusana ukuta, wakapika kwenye jiko moja la udongo kwa miaka. Halafu safari za kuhamishiwa huku zilipotoka, mmoja akapangiwa Fort Worth na mwingine Houston. Wilondja, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, alibaki kambini kusubiri zamu yake.

Shuleni kwetu kulikuwa na ramani ya Texas. Nilichora miji hiyo miwili kwenye karatasi nikampelekea Koko. "It's right here," nilimwambia. "Ni hapa tu, Koko." Aliweka kidole gumba juu ya Fort Worth, kidole cha shahada juu ya Houston, akaviangalia vidole vyake. "Hapa tu," akasema. "Na hatujaonana tangu uwanja wa ndege."

Simu ililia asubuhi moja wakati shule zimefungwa. Ilikuwa siku ya Mama ya mapumziko. Alipokea, akasikiliza kidogo, kisha akatoka nje kwenye jua kali na kufunga mlango nyuma yake. Aliporudi alimwita Koko chumbani. Nilisikia Koko akisema, "Yesu," mara moja tu, kwa sauti ndogo. Baadaye wakakaa jikoni wakabishana, nami nikiwa sakafuni sebuleni mbele ya televisheni niliyokuwa nimeipunguza sauti.

"Nimpigie Furaha," Mama alisema. Furaha alikuwa binti wa Mama Wilondja, aliyeishi naye Houston. "Furaha ni mtu mzima. Atajua namna ya kumwambia."

"Hapana. Wametuma kwangu mimi. Nitamwambia mimi."

"Utafikaje? Gari la kanisa liko kwa fundi. Mimi nikikosa kazi wananifukuza."

"Basi liko. Treni iko. Mutoto anajua kusoma."

"Mama, ni mbali."

"Mbali ya kitu gani?" Koko aliuliza. Kisha Koko akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Jambo kama hili halipigiwi simu. Unakwenda, unamukalisha, unamushika mukono."

Katika akili yangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Shuleni nilikuwa nimejifunza habari za sherehe za kushtukiza, ambapo watu hujificha gizani halafu wakaruka na kupiga kelele. Nilielewa kwamba Mama anataka kumpigia Mama Wilondja kumwarifu tunakuja, na Koko anataka tumshtukize. Nilikuwa upande wa Koko. Waliponiita na kuniambia tunakwenda Houston kumsalimia Mama Wilondja, niliruka kwa furaha, na watu wazima wawili wakatazama chini. Hawakuniambia zaidi. Mtoto ana mdomo mwepesi, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuwa mdomo wa Koko njia nzima.

Tuliondoka kesho yake kulipopambazuka. Nilivaa gauni langu la kanisani. Koko hakuvaa kitenge chake cha Jumapili, alivaa kile cha rangi ya udongo alichokuwa akifanyia kazi za nyumbani, na kichwani kitambaa cheusi. Hakubeba zawadi. Hata mimi nilijua mtu haendi ugenini mikono mitupu, nikadhani uzee umemsahaulisha, nikafungua kabati na kutia pakiti ya biskuti kwenye mfuko wangu.

Ilitubidi kutembea hadi upande wa Fort Worth ndipo tupate nguzo yenye alama ya basi. Hapakuwa na njia ya waenda kwa miguu. Tulikwenda kwenye majani yaliyokaushwa na jua, yakituchoma visigino, huku magari yakitupita kwa kishindo hadi kitenge cha Koko kikapepea. Mwanamume mmoja alipunguza mwendo, akashusha kioo na kuuliza kama gari letu limeharibika. Hakuweza kufikiria sababu nyingine ya watu kutembea pale. Nikamwambia tuko salama. Koko alimshukuru kwa kuinamisha kichwa, akaendelea kutembea.

Basi lilipokuja, dereva alikuwa mwanamke Mweusi mnene mwenye miwani. Alimtazama Koko akihangaika na ngazi, akabonyeza kitu, na basi zima likatoa pumzi ndefu na kuinama upande wetu hadi ngazi ikakaribia ardhi. Kwetu mwanamke humpigia magoti mkubwa wake anapomsalimu. Niliamini basi lile limemtambua Koko. Nadhani naye aliamini, kwa sababu aliligusa mlangoni kwa kiganja, kwa upole, akasema, "Aksanti."

Kutoka katikati ya Fort Worth tulichukua treni hadi Dallas. Ilikuwa safi na baridi, na kwangu ilikuwa raha isiyo na mfano. Koko hakutazama nje. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilidhani anasali kwa hofu ya mwendo, nikasogeza sikio ili nimjibu amina, lakini nilichosikia ni: "Dada yangu, kaa chini. Dada yangu, kaa chini kwanza."

"Koko," nikamwambia, "tumeshakaa."

Aliniangalia kana kwamba nimemwamsha. Akanivuta kwenye ubavu wake, na midomo ikaendelea.

Pale Dallas ndipo mambo yalipokwama. Basi la Houston lilichelewa. Mtu wa dirishani aliniambia linatengenezwa, nisubiri. Tulisubiri. Koko alinituma tena, kisha tena, na kila niliporudi na jibu lile lile alifunga macho. "Watatutangulia," alisema. Nikamuuliza akina nani. Akasema, "Wenye simu."

Kwenye viti vya mbele yetu alikaa mwanamke kijana aliyevaa sare ya uuguzi, begi miguuni. Alikuwa ametusikia. Akageuka, uso umefunguka kama mtu aliyekuta ndugu.

"Shikamoo, mama. Nyinyi ni watu wa wapi? Mimi natoka Kenya, upande wa Kisii."

Koko aliitikia. Wakaulizana habari, kila mmoja kwa Kiswahili chake, na mara mbili ilibidi wacheke kidogo kwa kutosikilizana. Yule dada alipojua tunakwenda Houston na hakuna anayetungoja, alishtuka. Akatoa simu yake ya mkononi, akaifungua na kumpa Koko. "Pigieni watu wenu, mama. Waambieni basi iko late, wasiwe na wasiwasi. Ama mniambie namba, niwapigie."

Namba nilikuwa naijua kwa kichwa. "Please, Koko," nikasema. "Tumpigie tu." Nilikuwa nimechoka, na sherehe ya kushtukiza ilikuwa imeanza kupoteza utamu.

Koko aliishika simu ile kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu. Ninapomkumbuka sasa naona jinsi ilivyokuwa rahisi: sauti ya Mama Wilondja ingekuwa pale sikioni mwake, na yeye angepumzika. Nadhani aliipima raha hiyo. Kisha akamrudishia mwenyewe.

"Aksanti, mwanangu. Ile kitu tunabeba haiingii humu."

Yule muuguzi alimtazama Koko, kisha kitambaa cheusi kichwani, kisha kitenge cha rangi ya udongo. Akaifunga simu taratibu. "Woi," alisema. "Pole sana, mama. Pole." Alihamia kiti cha upande wa pili wa Koko, akakaa naye hivyo hivyo, bega kwa bega, mpaka basi lake mwenyewe lilipoitwa. Mimi nilibaki najiuliza kwa nini anatupa pole, wakati basi kuchelewa ni jambo la kawaida.

Hatimaye tulipanda. Njia ya kwenda Houston ni ndefu na imenyooka, na kwa mtoto haina kitu: ng'ombe, mabango ya makanisa, misonobari, joto linalotetemeka juu ya lami. Nililala. Niliamka mjini, na nilipoona kibao cha barabara kilichoandikwa Sugar Land nilimtikisa Koko kwa nguvu nikamwambia kwamba rafiki yake anaishi karibu na nchi ya sukari. Alinipapasa shavu. "Ingekuwa vizuri," alisema.

Tukapanda basi la mji. Nilimwonyesha dereva karatasi yenye anwani, naye akaahidi kunipigia kelele tukifika. Lilikwenda na kusimama, kwenda na kusimama, tukipita maduka ya Wachina, ya Wavietinamu, ya Wanigeria, mpaka nikahisi tumezunguka dunia. Jua lilikuwa limeanza kulegea tuliposhuka mbele ya maghorofa ya rangi ya mchanga yaliyofanana yote. Miguu ya Koko ilikuwa imevimba hadi viatu vimemkata. Alisimama, akarekebisha kitambaa chake, akanipa mkono.

Mama Wilondja alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kichwa wazi, hana hereni. Nilijiandaa kupiga kelele ya kushtukiza lakini Koko alinibana vidole.

"Tabu," Koko akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina hilo, jina lake la usichana.

"Dada yangu," yule mama akajibu. "Umefika. Ingia. Umefika."

Wakakumbatiana mlangoni kwa muda mrefu hata nikaona haya. Ndani, viti vilikuwa vimesogezwa ukutani na katikati ya sebule kumetandikwa mkeka. Nikafurahi, nikajua kutakuwa na kucheza. Jikoni Furaha alikuwa anakoroga sufuria kubwa kupita watu wa nyumba ile. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilipomsalimu alisema ni vitunguu. Nikampa Mama Wilondja biskuti zangu. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama anayepokea kwa mtu mkubwa, akaziweka juu ya televisheni mahali pa heshima.

Kisha akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kumwosha Koko miguu. Koko alikataa, naye hakusikiliza. Alikaa chini, akachukua mguu mmoja kisha mwingine, akaosha mpaka katikati ya vidole. Baadaye akatupa chakula, bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu, akasimama juu yetu kuhakikisha tunakula. Koko alimeza matonge machache. Tulipomaliza, Mama Wilondja alinawa mikono, akaifuta kwenye kitenge chake, akasimama akingoja.

"Dada yangu," Koko akaanza. "Kaa chini kwanza."

Mama Wilondja akakaa kwenye mkeka. Koko akashuka kwenye kiti akakaa naye, akamshika mikono yote miwili.

"Walitupigia kutoka kambini. Wilondja ametutoka. Aliugua kifua, hakukaa hata wiki. Walimuzika vizuri, karibu na kanisa. Bibi yake na batoto walikuwepo. Wameniomba mimi nikuambie."

Nilisimama na glasi ya maji mkononi. Yale yote niliyoyaona njiani yakaanza kujipanga upya ndani yangu, moja baada ya jingine, na nikatamani yasijipange. Mama Wilondja hakulia papo hapo. Alimtazama Koko usoni kama mtu anayesikiliza hadi neno la mwisho lifike. Ndipo akainama, akaweka kichwa mapajani pa Koko, na sauti ikatoka. Sijui kuielezea sauti hiyo. Jirani, mama mmoja wa Salvador, alikuja akagonga, akatazama, akavua viatu na kuingia. Hakujua hata neno moja la lugha yetu. Alikaa kwenye mkeka akaweka mkono wake mgongoni mwa mama yule, akaanza kusali kwa Kihispania.

Tulikaa matanga yote. Watu wa makanisa walikuja na wali, na sukari, na nyimbo. Nililala sakafuni kati ya wanawake wawili wazee ambao waliongea chini chini mpaka usingizi ukanichukua, na asubuhi nikawakuta bado wanaongea, habari za Wilondja alipokuwa mtoto: jinsi alivyoogopa bata, jinsi alivyoimba vibaya.

Katika basi la kurudi Dallas, Koko alikuwa ameegemea dirisha, macho wazi. Nikamwambia nilichokuwa nikikiwaza, kwamba Mama Wilondja ni mwenye nguvu sana, kwa sababu hakulia mara moja.

"Alikuwa anajua," Koko akasema.

"Nani alimwambia?"

"Mutu alipiga. Mutu wa kupiga simu hakosi." Akanigeukia. "Ulisikia aliniuliza juu ya nini nimekuja? Mutu anatoka mbali vile, bila kusema, na viatu vimejaa damu. Hakuuliza. Alinipa maji, akanilisha, akangoja."

Nilifikiri juu ya joto lile, na majani ya kando ya barabara, na miguu yake. "Sasa juu ya nini ulimwambia, kama alikuwa anajua?"

"Kusikia, alikuwa amesikia," Koko akajibu. "Lakini hakuna mutu alikuwa amemuambia."

Nilikuwa mtoto, nikaliacha jibu hilo lipite.

Miezi ilienda. Joto lilipungua, shule zikafunguliwa, Koko akarudi kwenye kiti chake cha jikoni. Jumamosi moja Mama akiwa kazini tulisikia mlango unagongwa. Nikafungua. Alikuwa Mama Wilondja, peke yake, mfuko wa nailoni mkononi, majani makavu yamenasa kwenye soksi zake. Alikuwa amekuja mabasi yote yale na treni ile, bila Furaha, bila mtoto wa kumsomea vibao, na mwisho akatembea pale ambapo basi halifiki.

Koko alitoka jikoni kuona ni nani. Alipomwona alisimama. Kisha akakaa palepale sakafuni, mikono kichwani.

"Nani?" aliuliza. "Niambie, Mama Wilondja. Sasa ni nani?"

Mama Wilondja aliweka mfuko chini. Akapiga magoti mbele yake, akaitoa mikono ile kichwani mwa Koko, mmoja mmoja, akaishika.

"Hakuna mutu, dada yangu," alisema. "Nimekuja tu."